Glakoma Ilipoitwa Trakoma

Dorcas, aliyerithi meza yangu katika kliniki ya macho hapa Kitengela, aliniomba kabla sijaondoka nimwandikie yeye na wenzake "mambo ya muhimu, ukurasa mmoja tu, Sista." Nimekaa nyumbani Noonkopir wiki ya tatu sasa, na huo ukurasa mmoja umenishinda. Habari za vyeo nimeziruka zote, maana sijawahi kuona jicho likipona kwa sababu muuguzi amepandishwa cheo. Za mishahara mnazijua wenyewe. Nimebaki na watu, vyombo, na maneno mawili yaliyotoka kwa Wagiriki ambayo yamenifuata miaka yote ya kazi: trakoma na glakoma. Yaseme haraka, na mtu asiyeyazoea atasikia neno moja. Kwa ajili ya hilo mama mmoja alipoteza jicho, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu. Nitafika hapo. Acha nianze nilipoanza.

Nilifika Kajiado nikiwa muuguzi mpya, binti wa Kiambu, na Kimaasai changu kilikuwa "sopa" peke yake. Nilimsopa kila mtu, wazee kwa watoto, mpaka akina mama waliokaa kwenye foleni wakanihurumia wakanifundisha kwamba mama mtu mzima husalimiwa "takwenya," naye hujibu "iko." Walionifundisha hayo walikuwa wagonjwa. Aliyenifundisha macho alikuwa Bwana Parsaloi, afisa wa kliniki, mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku ambazo mji mzima haukuwa na tone la maji. Sijui alikuwa akifuaje. Sikuthubutu kumuuliza.

Siku ya kwanza nilitarajia anionyeshe picha na vitabu. Badala yake alitoa kwenye droo kipande cha msasa wa seremala na kitambaa cha mfukoni, akaniambia nifumbe macho.

"Gusa hii. Sasa gusa hii. Trakoma ni ipi?"

"Sijui, daktari."

"Ni hiyo inayokwaruza. Wagiriki walikuwa na neno la kitu kisicho laini. Wakageuza kope la mgonjwa, wakaona ndani kuko hivyo, wakaupa ugonjwa jina hilo. Fumbua macho. Utasahau mengi nitakayokuambia, lakini hili usisahau. Trakoma si jicho jekundu. Si machozi. Si nzi. Ni kope lililoharibika upande wa ndani mpaka likawa kama msasa. Kama hujaligeuza ukaangalia, basi trakoma hujaiona. Umesikia tu."

Kugeuza kope ni kazi ndogo inayomdhalilisha mtu mzima. Unamwambia mgonjwa aangalie chini, unashika nywele za kope la juu kwa vidole viwili, unaweka kijiti juu yake, unaligeuza kama mtu anayekunja ukingo wa karatasi. Bwana Parsaloi alilifanya bila mgonjwa kukatiza hadithi. Mimi nilianza na bibi mmoja aliyeitwa Nolari, na nikashindwa mara tatu mfululizo. Alinivumilia kama anavyovumiliwa ndama anayejifunza kusimama, kisha akaniambia, "Wewe mtoto, hiyo kope si ngozi ya mbuzi. Usivute hivyo."

Mara ya nne kope likageuka. Nilivaa miwani ya kukuza nikaona makovu meupe yaliyokatizana pande zote. Makovu yale yalikuwa yamevuta kope likakunjika kwa ndani, na nywele zake zikawa zinaparuza kioo cha jicho kila anapopepesa. Nolari alikuwa na kibano kidogo cha chuma kilichoning'inia shingoni pamoja na shanga zake, na kila asubuhi mjukuu wake alikuwa akimng'olea nywele zile moja moja. Bwana Parsaloi alimfanyia upasuaji juu ya meza ya kanisa, dirisha likiwa wazi ili tupate mwanga. Nolari alirudi baada ya wiki kadhaa, akakivua kile kibano, akakiweka mezani.

"Chukueni," alisema. "Mimi sina kazi nayo tena."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza kazini lililonifanya nitake kubaki.

Miaka iliyofuata tulilieneza neno trakoma kama watu wanaotangaza harusi. Tuliingia mashuleni, makanisani, sokoni, kwenye visima. Tulifundisha watoto kunawa uso, tukafundisha akina mama kufukuza nzi, tukaonyesha jinsi ya kutundika mtungi mdogo wenye tundu ili maji kidogo yatoshe watu wengi. Kazi hiyo ilifaa, na sitaki mtu asome barua hii adhani naidharau. Niliona kwa macho yangu kope za watoto zikizidi kuwa safi kila tulipozigeuza.

Lakini neno ukishalitoa kinywani si mali yako tena. Tulisema uso mchafu na nzi huleta trakoma, na hiyo ni kweli. Mtaani likageuka: mwenye shida ya macho ni mchafu. Huku Kitengela, nilipohamishiwa, watoto walikuwa wameshalifanya tusi. Mwalimu mmoja aliniletea msichana aliyekataa kwenda shule kwa sababu darasa zima lilimwita Trakoma. Nikageuza kope zake: alikuwa na mzio wa vumbi tu. Nilimpa dawa ya matone, kisha nikaenda mpaka darasani kwao nikageuza kope za waliomtukana, mmoja mmoja. Kati yao nilipata wawili wenye mzio kama wake. Hawakumwita tena.

Glakoma lilikuwa neno jingine kabisa, ingawa lina mkia uleule. Bwana Parsaloi aliniambia kwamba Wagiriki walilitoa kwenye rangi, ile ya bahari isiyo buluu wala kijani kamili, kwa sababu waliona mboni za baadhi ya vipofu zimekuwa hivyo. Wakachanganya humo na mtoto wa jicho, wakachanganya na mengine, na neno likazunguka sana kabla halijatulia kwenye ugonjwa mmoja. "Hata wenyewe lilikuwa linawasumbua," alisema. "Kwa hivyo usitafute rangi. Tafuta presha." Ndani ya jicho mna maji. Yakikosa njia ya kutoka, presha hupanda ikaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole, mara nyingi bila maumivu, ikianzia pembeni. Mtu huendelea kuona mbele yake vizuri huku pembeni pakizimika, na yeye hajui. Kilichozimika hakirudi. Unachoweza ni kuzuia kilichobaki.

Na ule mkia, kwa taarifa yenu, umewahi kuniletea kazi. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alikuwa amesoma kwamba maneno ya kitabibu yanayoishia kwa "-oma" ni majina ya uvimbe, akamwambia mzee mmoja wa Gataka kwamba glakoma yake ni aina ya kansa. Tulipompata yule mzee kumrekebisha, alikuwa ameshawaita watoto wote na kuanza kugawa shamba. Alikasirika zaidi alipojua ataishi, kwa sababu ugomvi ulikuwa umeshaanza.

Nilicheka siku ile. Nilidhani makosa ya maneno ni ya wanafunzi.

Simu ilipigwa asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa na foleni ya watoto wa shule hadi nje ya mlango. Aliyepiga ni Moses, mhudumu wa afya wa kujitolea katika vijiji vya ndani upande wa Isinya, kijana mwaminifu ambaye hajawahi kuniletea habari ya uongo. Sauti ilikuwa inakatika.

"Sista, kuna mama huku iko na trakoma. Aliambiwa na daktari huko Kajiado."

"Uko na ile mafuta ya macho?"

"Iko."

"Mpe apake asubuhi na jioni, anawe uso vizuri. Barabara ikikauka tutakuja."

"Sawa, Sista."

Ni hayo tu. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala ya Bwana. Sikuuliza jicho linawasha au haliwashi. Sikuuliza kama anaona. Moses alinipa neno, na mimi nikalitibu lile neno.

Barabara ilikawia kukauka, na gari likakawia zaidi. Ilipita karibu miezi mitatu kabla hatujafika. Tulifungua kliniki katika kanisa la mabati, na mama wa kwanza kwenye benchi alikuwa Simaloi, mtu wa miaka arobaini na kitu, muuza maziwa, ambaye kila asubuhi alikuwa akileta mitungi yake Kitengela kabla shida hii haijamzuia. Nilimsalimia takwenya, akajibu iko. Niliona kwanza jinsi uso wake ulivyokuwa safi. Ulikuwa unang'aa.

"Nimenawa, Sista," alisema kabla sijauliza. "Kila siku mara tatu. Mafuta nayo nimepaka yote, Moses ni shahidi. Lakini hii ya kulia imezimika kabisa. Na ya kushoto nayo inaanza kunisumbua. Naangusha vitu."

Nilimwambia aangalie chini, nikageuza kope la kulia. Laini. Nikageuza la kushoto. Laini. Hapakuwa na kovu wala kipele, hapakuwa na mkwaruzo wowote. Ugonjwa wenye jina la kukwaruza, na mbele yangu kope laini kama ndani ya shavu la mtoto. Nilijua saa hiyohiyo, lakini mikono iliendelea kufanya kazi kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa. Nikamulika tochi kwenye mboni ya kulia: haikushtuka. Nikamwambia afumbe macho, nikabonyeza jicho juu ya kope kwa ncha za vidole viwili. Lilikuwa gumu kama pera bichi. Nikampa dawa ya ganzi, nikamlaza kwenye benchi, nikaweka juu ya jicho kipimo cha presha, kile cha chuma chenye mshale. Mshale ukakataa kusogea: presha ilikuwa juu mno.

"Mama, huko Kajiado daktari alikupa karatasi?"

Alitoa kibeti kidogo cha shanga, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo ikawa inakatika. Ilikuwa barua ya kumtuma hospitali kubwa Nairobi, haraka. Neno lililoandikwa juu lilikuwa glakoma, kwa mwandiko wa kidaktari ambao hata mimi nilisoma kwa kujua tayari ninachotafuta.

Alinieleza. Daktari mgeni alikuja Kajiado kwa siku moja, akampima, akamwambia neno ambalo hakuwahi kulisikia, watu wakiwa wengi nyuma yake. Alipofika nyumbani aliwauliza watoto. Watoto wakamwambia, "Ni trakoma, mama, ile ya kunawa uso." Alifurahi. Trakoma alikuwa anaijua. Bibi yake aliponywa. Akamwambia Moses, Moses akaniambia mimi. Neno lilitoka Kajiado likiwa glakoma, likafika Kitengela likiwa trakoma, na vinywa vya kupita katikati vilikuwa vitatu tu.

"Hii ya kulia itarudi?" aliuliza.

Kuna namna za kujibu zinazomkinga muuguzi. Nilikuwa nazijua zote. "Haitarudi, mama," nilisema.

Nje mbuzi walikuwa wanalia.

"Na ile mafuta?"

"Haikuwa dawa yake. Nilikosea mimi. Moses aliniambia jina la ugonjwa, nami sikuuliza jicho lako liko namna gani. Ningeuliza, ningekuita siku ileile. Naomba unisa..."

"Sista." Aliinua mkono. "Hii ya kushoto nayo inaenda?"

"Inaenda. Lakini bado inaweza kuzuiwa."

"Sasa wewe unaomba msamaha ama unanipeleka hospitali?"

"Nakupeleka."

"Basi hiyo pole utaniambia kwa gari."

Nilifunga kliniki. Waliobaki kwenye foleni niliwaeleza sababu, na hakuna aliyenung'unika. Mzee mmoja akambebea Simaloi shuka lake mpaka garini. Kabla ya jua kushuka alikuwa mikononi mwa daktari bingwa Nairobi. Walimpa vidonge vya kushusha presha, wakampasua jicho la kushoto baada ya siku chache, wakampa matone ya kutia maisha yake yote. Pole nilimwambia kwa gari, kama alivyoagiza, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya malori. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimesikia."

Jioni ile nilimpigia Bwana Parsaloi, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kwa ng'ombe wake. Nikamweleza yote bila kupunguza.

"Hukuligeuza kope," alisema. "Ulisikia tu."

"Ndiyo, daktari."

"Kesho unaenda kazini?"

Nilikuwa sijaamua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa na barua ya kuomba kuhamishiwa idara nyingine, yoyote, hata ya kuhesabu shuka. "Nitaenda," nilisema.

"Vizuri," alisema, akakata.

Nikaenda. Niliandika ripoti ya tukio, na mkubwa wangu wa wakati ule, mtu mwema aliyetaka kunikinga, akapendekeza tuandike kwamba "mawasiliano hayakuwa mazuri." Nilimwambia mawasiliano hayakushika simu, aliyeishika ni mimi. Nikaandika jina langu. Nilisoma ripoti hiyo mbele ya wauguzi wote na wahudumu wa vijijini, Moses akiwa mstari wa mbele analia, nami nikamwambia hadharani kwamba yeye alifikisha alichoambiwa, na anayepaswa kuuliza ni aliyesoma.

Kisha nikaanza kumtafuta kaka yake Simaloi.

Glakoma hutembea kwenye damu. Ukimpata mmoja, unatafuta waliozaliwa naye. Simaloi alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja, Lekishon, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwenye kofia nzuri na hasira fupi. Nilimpigia simu nikajieleza; akakata. Nilikwenda kwake, mkewe akasema ametoka, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Nilirudi wiki iliyofuata, viatu havikuwepo, na yeye kweli hakuwepo. Mkewe aliniona nimesimama juani akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtafute Bisil, siku ya soko. Huko hawezi kujificha."

Nilimpata katikati ya wachuuzi, fimbo mkononi, anakagua meno ya dume. Aliponiona na koti langu jeupe alikunja uso.

"Wewe ndiye ule daktari anatangaza niko na trakoma?"

"Ni glakoma, Bwana Lekishon."

"Ni hiyo hiyo! Mimi naoga kila siku. Kwangu kuko na tangi ya maji. Usinipakie uchafu mbele ya watu."

Wachuuzi walikuwa wameshageuka wote. Nilianza kueleza tofauti ya maneno mawili, na nikaona uso wake ukizidi kufunga. Kila nikilitaja neno, yeye alisikia tusi, na tusi lile tulilipeleka mashinani sisi wenyewe. Nikaacha.

"Sawa," nilisema. "Hilo neno tulitupe. Sikuja na neno. Nataka ufanye kitu kimoja, dakika moja, kisha nitaondoka na hutaniona tena. Funika jicho la kushoto kwa mkono. Niangalie pua. Usigeuze kichwa."

Alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wanaangalia, na kukataa kungeonekana woga. Akafunika jicho. Nikamfanyia ishara mchuuzi aliyekuwa na lile dume, nikamwelekeza alipitishe polepole kutoka nyuma ya bega la kulia la Lekishon kuja mbele.

"Ukiona ng'ombe, niambie."

Dume likaanza kutembea. Likafika usawa wa bega lake. Hakusema kitu. Vijana wawili wakacheka. Likasogea, pembe zikapita sikio lake, na kicheko kikafa. Lekishon alikuwa bado ananiangalia pua, anangoja. Dume lilikuwa karibu kusimama kati yetu aliposema, "Huyo. Nimemwona." Kisha, taratibu, "Ametoka wapi?"

"Alikuwa hapo kitambo, bwana," alisema yule mchuuzi, bila mzaha.

Lekishon alijifunika jicho la pili mwenyewe. Akamwambia mchuuzi alizungushe dume upande wa kushoto. Akarudia kulia.

"Mwezi uliopita niligongwa na pikipiki," alisema mwishowe. "Kwa hii upande. Nilimchapa yule kijana na fimbo. Nikamwambia yeye ndiye kipofu."

Alisimama akiangalia chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Huo ugonjwa unauitaje tena?"

"Presha ya macho."

"Presha najua. Ilikuwa ya mama."

"Hii inakaa ndani ya jicho peke yake. Haitoki kwa uchafu. Ni ya damu, kama urefu. Dada yako iko nayo. Ya kwake ilichelewa kwa sababu yangu. Yako sitaki ichelewe."

Alikuja Jumatatu, mapema kuliko mimi. Presha ilikuwa juu macho yote mawili, lakini mshipa ulikuwa bado na uhai. Alianzishiwa matone, na mpaka leo anaona kutosha kudanganya watu kuhusu umri wa ng'ombe. Yule mwendesha pikipiki alimtafuta akamwomba radhi. Hilo aliniambia mkewe, yeye hakulitaja.

Tangu siku ile sikuandika jina la ugonjwa likiwa peke yake kwenye kadi ya mgonjwa. Niliandika chini yake, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, jicho liko namna gani na nini kitatokea asipotibiwa: "Presha ndani ya jicho. Haiondoki kwa kunawa. Haiponi kwa mafuta. Ukichelewa utapofuka." Nikamwambia mgonjwa ayarudie hayo kwa maneno yake, au ya Kimaasai, au ya Kikikuyu, kabla hajatoka mlangoni. Na kwa simu, yeyote aliyenipa jina la ugonjwa nilimuuliza mambo matatu: jicho linawasha? Anaona mbele? Anaona pembeni? Wahudumu walichoka nami. Mmoja alianza kujibu kabla hata ya salamu.

Nilitaka pia fomu yetu ya rufaa iwe na mstari wa maelezo hayo. Ofisa aliyehusika aliniambia fomu ni fomu. Nikawa naipeleka ripoti ya mwezi kwa mkono badala ya kuituma, ili kila mwezi akae ananiona. Nilikuwa nauliza kwa upole, nakaa kidogo, naondoka. Alihamishwa akaja mwingine, nikaanza upya. Wa tatu aliuongeza, nadhani ili nisirudi. Ni mstari mmoja tu, Dorcas, ule wa chini ya jina la ugonjwa, ambao wengi wenu mnauacha wazi mkiwa na haraka. Ukiona mtu ameuacha wazi, mrudishie karatasi. Atakuchukia mpaka saa nne, kisha atakunywa chai.

Mtaniuliza kama nilisamehewa. Sijui. Simaloi alikuja kliniki kila alipotakiwa, miaka yote, hakukosa hata mara moja. Tuliongea habari za maziwa, za ukame, za watoto wake. Habari ya simu ile hakuirudia, nami sikuwahi kuitafuta kwake kama mtu anayedai.

Juzi nilikwenda soko la Kitengela kununua mboga. Nikamwona anakuja katikati ya watu, mitungi miwili mitupu mkononi, anatembea kwa haraka yake ya kawaida. Nilifurahi nikainua mkono, nikatabasamu, nikangoja. Akanipita. Alipita karibu nami kiasi cha shuka lake kunigusa kiwiko, na hakugeuka. Nilisimama pale na mkono wangu juu, nikidhani labda hatimaye ameamua kunipa jibu lake, sasa kwa kuwa hanihitaji tena.

Kisha nikaona nilikuwa nimesimama upande wake wa kulia.

Nikamfuata, nikapita nyuma yake, nikazunguka, nikatokea kushoto.

"Sista!" alisema, akatua mitungi. "Umetoka wapi? Nimekupita?"

"Umenipita."

Aliniangalia kwa jicho lile moja, muda kidogo, na nikajua ameelewa nilichokuwa nimefikiri. Akanipa mtungi mmoja niubebe. Kisha akanishika mkono, akanivuta karibu na bega lake la kushoto.

"Ukitembea na mimi," alisema, "tembea huku."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa soko.